Sura ya 7: Sauti Inayochelewa

Mtu anayezungumza na mwenzake kupitia kompyuta ya Linux, kisha sauti ikaanza kutatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, kwa kawaida hulaumu kimoja kati ya vitu vitatu. Hulaumu intaneti, akanunua bando kubwa zaidi. Hulaumu maiki, akaenda dukani kutafuta nyingine. Au huilaumu Linux yenyewe, akafuta kila kitu na kusakinisha upya, jioni nzima ikaishia hapo, na kesho yake mikwaruzo iko palepale. Hoja ya sura hii ni kwamba mara nyingi vyote vitatu vinasingiziwa. Mkwaruzo wa aina hii una chanzo kimoja kinachojirudia kwa sura nyingi: kipande cha sauti kilikuwepo, kilikuwa kizima na safi, ila hakikufika kwa wakati. Atakayelishika hilo ataacha kutafuta kitu kilichoharibika, ataanza kumtafuta aliyechelewa, na namna ya kufanya kazi itabadilika tangu hatua ya kwanza.

Ndani ya kompyuta sauti ni mfululizo wa namba. Katika simu za siku hizi kadi ya sauti hutumia namba 48,000 kwa kila sekunde, ikiongozwa na saa yake ndogo isiyosimama. Kila inapopita sehemu moja ya 48,000 ya sekunde inataka namba inayofuata, na haina desturi ya kusubiri. Prosesa, yenye shughuli nyingine lukuki, haiwezi kukimbia kupeleka namba moja moja, kwa hiyo hupeleka kwa mafungu. PipeWire, seva ya sauti inayotumika sasa katika mifumo mingi ya Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida hupeleka fungu la namba 1,024, sawa na milisekunde 21 hivi za sauti. Fungu moja linapochezwa, la pili linaandaliwa. Ni kama vijana wanaomwaga zege ghorofani kwa kupokezana karai: wa juu kabisa hajui chini wanakoroga vipi, anachojua ni kwamba akigeuka lazima alikute karai mkononi mwa mwenzake. Lakini yeye akikuta mikono mitupu atasimama, atapumua, na zege halitaharibika kwa nusu dakika. Kadi ya sauti haisimami. Ikikosa fungu jipya itacheza ukimya, au itarudia mabaki yaliyomo kwenye bafa.

Tuitazame nukta hiyo kwa karibu, maana ndipo mkwaruzo unapozaliwa. Chukua irabu ndefu, ile "aa" ya mtu anayesema "haaya". Wimbi lake linapanda na kushuka kwa utaratibu. Tuseme namba zake zimefika 11,800, 11,950, 12,040, na inayofuata ilitakiwa iwe karibu na 12,100. Fungu jipya halijafika. Namba inayofuata inakuwa 0. Utando wa spika, uliokuwa ukisogea kwa ulaini, unavutwa ghafla. Mruko mkali namna hiyo hubeba masafa mengi kwa mpigo mmoja, ya chini na ya juu, na sikio huusikia kama "ta!" kavu. Milisekunde chache baadaye fungu linawasili na wimbi linaruka tena kutoka 0 kwenda mahali pengine: "ta!" ya pili. Yakitokea hayo mara kadhaa kwa sekunde, mazungumzo yanageuka kikaango. Waswahili wamesema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na namba hizi zinapofika zinakuta nafasi yake imeshachukuliwa na ukimya. Kila namba ilikuwa sahihi. Spika nayo ilitii ilichoambiwa.

Ushahidi wa kwanza umo katika malalamiko yenyewe, jinsi yanavyosemwa: muziki unacheza vizuri, filamu zinacheza vizuri, nikipiga simu tu sauti inakwaruza. Spika mbovu ingeharibu taarabu kama inavyoharibu mazungumzo. Tofauti kati ya muziki na simu ni subira. Kichezaji cha muziki kinaweza kuandaa sekunde mbili mbele, maana wimbo wote uko kwenye diski. Simu haiwezi, kwa sababu neno ambalo mwenzako hajalitamka haliandaliki. Kwa hiyo programu za simu huelekea kuomba mafungu madogo ili mazungumzo yasiburute, na PipeWire hufuata ombi dogo kuliko yote yaliyo mbele yake. Fungu la 1,024 likishuka hadi 256, muda wa kuliandaa umeshuka kutoka milisekunde 21 hadi 5 na kidogo. Kompyuta ni ileile na spika ni ileile, ila nafasi ya kupumua imekatwa mara nne. Ndiyo maana hata wimbo uliokuwa ukicheza bila tatizo huweza kuanza kukwaruza pindi simu inapopokelewa.

Ushahidi wa pili umo katika historia ya dawa. Zama za PulseAudio, iliyokuwa seva ya kawaida tangu Fedora 8 ilipoichagua mwaka 2007, watumiaji wa Skype kwenye Linux walikuwa na dawa moja mashuhuri: kuifungua programu ikiwa imetanguliwa na PULSE_LATENCY_MSEC=60. Tazama dawa hiyo inafanya nini. Haigusi maiki, haigusi mtandao, haibadilishi chochote katika sauti. Inaiambia seva tu kwamba programu hii ipewe nafasi ya milisekunde 60. Dawa nyingine ya zama hizo, kuandika tsched=0 kwenye faili la default.pa, nayo ilihusu saa: iliitaka PulseAudio iache kutegemea vipima muda vyake, irudi kuamshwa na kadi kila fungu linapokwisha. Watu walizipitisha dawa hizi mkono kwa mkono miaka na miaka bila kuambiwa kwa nini zinafanya kazi, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu sababu ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko dawa.

Dawa zenyewe zina tarehe ya kuisha. Fedora 34 ilihamia PipeWire mwezi Aprili 2021, Ubuntu ikafuata kwa toleo la 22.10, na kwenye mfumo wa namna hiyo PipeWire hailisomi kabisa faili la default.pa. WirePlumber, msimamizi anayeamua kifaa gani kiunganishwe na kipi, aliachana na mipangilio ya lugha ya Lua katika toleo la 0.5 mwaka 2024. Faili lililonakiliwa kutoka mwongozo wa kabla ya hapo hukaa pale bila kazi, na mtu anaamini ameshatibu. Swali la kwanza, basi, kabla ya kugusa kitu chochote: seva gani inaendesha sauti hapa? Amri pactl info hujibu. Mstari wa jina la seva ukitaja PulseAudio na PipeWire kwa pamoja, aliyepo ni PipeWire akizungumza lugha ya mtangulizi wake.

Atakayeshikilia kwamba mtandao ndio wenye makosa anastahili jibu la uangalifu, maana mitandao yetu ina makosa yake. Pakiti za sauti hupotea na huchelewa, hilo halikataliki. Lakini mtandao ukipoteza sauti, dalili huwa nyingine. Simu za kwenye kivinjari kwa kawaida hubanwa kwa kodeki ya Opus, iliyopewa kiwango rasmi mwaka 2012, ambayo mara nyingi huikata sauti katika vipande vya milisekunde 20. Kipande kikipotea, upande unaopokea hubuni cha kujazia kwa kuirefusha sauti iliyotangulia na kuififisha taratibu. Kwa hiyo hasara ya mtandao husikika kama sauti ya bati, maneno yanayovutika, silabi zilizomezwa, kisha maneno yanayokuja mbiombio baada ya kimya. Ule mruko mkali wa kwenda 0 wahandisi walishauzibia njia. Mkwaruzo mkavu wenye ncha hutokea kabla sauti haijabanwa au baada ya kufunguliwa, yaani ndani ya kompyuta, yako au ya mwenzako. Hapo jiulize nani anausikia. Ukiusikia wewe kwa kila unayempigia, tafuta kwenye njia yako ya spika. Wakiusikia wote unaowapigia, tafuta kwenye njia yako ya maiki.

Wala hakuna haja ya kubishana kwa masikio peke yake. Zima intaneti kabisa, andika pw-record --latency=5ms jaribio.wav, soma kwa sauti dakika mbili, simamisha, kisha sikiliza kwa pw-play. Hizo milisekunde 5 ni za lazima. Ukiziacha, programu hiyo hujipa milisekunde 100 kwa hiari yake, subira ambayo simu haina, na jaribio litatoka safi huku tatizo likiwa limejificha. Rekodi ikikwaruza wakati hakuna mtandao, mtandao uachiwe huru.

Baada ya hapo aliyechelewa hutafutwa kwa ushahidi ulioandikwa. Simu ikiwa inaendelea, fungua terminali uandike pw-top. Utaona orodha ya vifaa na programu zote zinazoshiriki sauti, kila moja na mstari wake. Safu ya QUANT inaonyesha ukubwa wa fungu, BUSY inaonyesha muda ambao kila mmoja alitumia kufanya kazi yake, na ERR inahesabu mara ambazo kazi haikumalizika kwa wakati. Sikiliza simu huku macho yako kwenye ERR. Namba ikipanda sambamba na kila "ta!", unaiona hoja ya sura hii ikitokea mbele yako, na mstari inapopandia unakuelekeza kwa mwenye kosa: ikipanda kwenye kivinjari peke yake, kivinjari ndicho kinachozidiwa; ikipanda kwenye kadi na kila kilichoungana nayo, chanzo kiko chini zaidi. Halafu, bila kukata simu, andika pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048. Fungu linakua hadi milisekunde 43 hivi. Sauti ikitulia papo hapo, kwa maiki ileile na bando lilelile, sidhani kuna uthibitisho unaoweza kuushinda huo.

Swali linalofuata hujileta lenyewe: kwa nini basi tusiweke fungu kubwa milele, 4,096 au 8,192, tukasahau? Kwa sababu muda tunaoikopa kadi tunamlipisha mzungumzaji. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, unaweka milisekunde 150 za upande mmoja kuwa kiasi ambacho mazungumzo mengi hayasumbuki nacho. Hesabu simu ya Dar es Salaam na London. Mwanga ndani ya kebo ya kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na hata kebo ingenyooka kama kamba, kilomita zipatazo 7,500 zinakula milisekunde 37. Opus inachukua 20 za kukata kipande chake, na kipokezi kinaweka akiba ya kungojea pakiti zilizochelewa. Fungu la 4,096 peke yake ni milisekunde 85. Ukiliweka, watu wanaanza kuingiliana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza, na salamu ya kawaida ya "habari za huko" na "nzuri" inagongana njiani. Kwa maoni yangu 1,024 inatosha kwa simu, na kinachofaa kuwekwa kwa kudumu ni sakafu: default.clock.min-quantum = 1024, ndani ya faili dogo kwenye folda ya ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d, kisha kuianzisha seva upya. Programu isiruhusiwe kuomba chini ya hapo. Anayerekodi ngoma na gitaa ana mahitaji mengine.

Hata hivyo sakafu hiyo inamvumilia mchelewaji bila kumtaja, na inafaa kumjua. Mara nyingi ni foleni ya prosesa. Kerneli ya Linux hugawa zamu kwa haki, lakini sauti inahitaji upendeleo, na upendeleo huo hutolewa kupitia huduma iitwayo RealtimeKit au ruhusa zilizowekwa kwenye mfumo. Amri ps -eLo cls,rtprio,comm huorodhesha nyuzi zote za kazi; uzi wa sauti wa PipeWire ukiwa na alama ya FF au RR una haki ya kupita mbele, ukiwa na TS unapanga foleni nyuma ya kila kichupo cha kivinjari. Mara nyingine ni njia. Maiki ya USB hupeleka sauti kwa ratiba isiyo na marudio: kipande kilichokosea hakitumwi tena, na hapa kitovu cha bei nafuu chenye maiki, kamera na diski vyote kwa pamoja huonyesha udhaifu wake. Bluetooth hugombania masafa ya gigahezi 2.4 na Wi-Fi iliyo chumba kilekile. Lakini tusichanganye: hedifoni za Bluetooth zinapofungua maiki hurudi kwenye hali ya simu, ambayo sauti yake kwa kawaida huchukuliwa mara 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, na ule ufifi unaosikika ndio ubora wa hali hiyo, hauna uhusiano na kuchelewa.

Kuna uchelewaji mmoja wa taratibu sana ambao huwachanganya hata mafundi. Maiki ya USB ina saa yake na spika ya kompyuta ina saa yake, na hakuna saa mbili duniani zinazokwenda sawa kabisa. Tuseme zimepishana kwa sehemu 100 katika milioni. Katika namba 48,000 hizo ni karibu namba 5 kila sekunde. Hazisikiki. Lakini zinajumlishwa, na baada ya sekunde 213, dakika tatu na nusu, zimefika fungu zima la 1,024 lililozidi au lililopungua. PipeWire hulisahihisha hilo kwa kunyoosha na kubana sauti kidogo kidogo, ila programu inayolinganisha maiki na spika kwa hesabu zake yenyewe, ili kuondoa mwangwi, huweza kuteleza. Mkwaruzo unaorudi kwa mapigo yaliyopimika, kimya dakika kadhaa kisha "ta!", ujaribiwe kwa hedifoni zenye maiki na spika katika kifaa kimoja. Saa ni moja, na mkwaruzo ukikoma jibu limepatikana.

Ni lazima kukubali kwamba si kila mkwaruzo ni uchelewaji. Sauti inayopasuka pale tu mtu anapoinua sauti au kucheka imezidi kipimo: maiki imeongezwa nguvu kupita kiasi, vilele vya wimbi vimekatwa kama kwa panga, na namba hazina pa kupanda. Tiba yake iko kwenye alsamixer, kushusha Mic Boost. Mngurumo wa mfululizo unaotokea chaja ikichomekwa na kutoweka ikichomolewa ni umeme, mara nyingi chaja isiyofika ardhini kwa sababu ya adapta ya pini mbili. Na "tup" moja kila sauti inapoanza baada ya kimya ni kadi inayoamka kutoka usingizini. Hizi tatu hutambulika kwa urahisi, maana kila moja ina tukio lake linaloitangulia. Mkwaruzo wa wakati huja bila kujali unasema nini wala kwa sauti gani, na huongezeka kompyuta inapobebeshwa kazi.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni udhaifu wa Linux na kwamba Windows haina mambo haya. Windows inayo. Programu ya LatencyMon ilitengenezwa mahususi kuwasaka madereva wanaoishikilia prosesa ya Windows hadi sauti inakatika. Lililo kweli ni kwamba Linux hutakiwa kufanya kazi kwenye mashine nyingi ambazo waliozitengeneza hawakuiandikia dereva, na hapo makosa huingia. Lakini marekebisho nayo hayajasimama. Kazi ya kuipa kerneli uwezo wa kutimiza ahadi za wakati, PREEMPT_RT, iliyoanza miaka ya 2000, iliingizwa rasmi katika kerneli kuu kwa toleo la 6.12 mwezi Novemba 2024. Haitamponya mwenye kivinjari kilichofungua vichupo arobaini, ila inaondoa kisingizio kimoja cha kerneli.

Kwa hiyo, msomaji, ukishamkamata aliyechelewa na ukaona ni dereva au seva, usiishie kujitibu mwenyewe. Watengenezaji wa PipeWire hupokea ripoti kwenye GitLab ya freedesktop.org. Waandikie toleo la seva na la kerneli, aina ya kadi, QUANT ilikuwa ngapi wakati wa simu, ERR ilipanda kwenye mstari gani, na kilichotokea ulipolazimisha 2048. Kabla ya kutuma, rudisha clock.force-quantum kwenye 0, piga simu tena, na uhakikishe mkwaruzo umerudi.